Shule Haikuhamia Mtandaoni



Juma lililopita tuliahidi kuendelea na mazungumzo yetu juu ya mahari na gharama za arusi. Mtuwie radhi, mada hiyo itangoja. Tumelazimika kuiweka kando kwa sababu ya sentensi moja tuliyoisikia Jumamosi iliyopita katika kikao cha wazazi, sentensi ambayo imetunyima usingizi siku mbili mfululizo. Mgeni rasmi, mtu msomi na mwenye nia njema, alikuwa akiwaeleza wazazi umuhimu wa kuchangia ununuzi wa kompyuta za shule. Katika kunogesha hotuba yake akasema: "Wakati wa korona shule hazikufungwa, zilihamia mtandaoni." Wazazi wakapiga makofi. Nasi tuliokuwa tumeketi meza kuu tukapiga makofi pamoja nao, kwa adabu tu, maana mgeni hapingwi mbele ya wenyeji wake.

Makofi yale ndiyo yanayotusuta. Tumeona heri tuyarudishe hapa, kwa maandishi, mbele ya wasomaji wote.

Tulikuwapo hapa Singida mwaka 2020, na wengi wa wazazi wale walikuwapo pia. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi. Kesho yake, tarehe 17, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote, tangu za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Vyuo vikafuata siku moja baadaye. Siku 30 zilipokwisha, muda uliongezwa pasipo kutajwa mwisho wake. Wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo walirudi tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni. Kwa mtoto wa darasa la nne wa Ikungi, Iramba au Mkalama, hizo ni siku zaidi ya 100 bila mwalimu. Tarehe hizi zimeandikwa na hazibishaniwi. Kinachoanza kusahaulika ni mambo yaliyojiri ndani ya siku hizo, na penye usahaulifu huota haraka hadithi tamu kama ile ya mgeni wetu.

Anayesema kwamba shule ilihama sharti atuonyeshe watoto waliohama pamoja nayo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2019/20 juu ya upatikanaji wa nishati ulionyesha kwamba vijijini ni takriban robo tu ya kaya zilizokuwa zimeunganishwa na umeme. Simu zilikuwapo, hatukatai. Lakini simu ya mzazi wa kijijini mwaka ule ilikuwa ile ndogo ya vitufe, ambayo vijana huiita kiswaswadu, na kazi zake zilikuwa tatu: kupiga, kupokea fedha, na kumulika njia usiku. Mwenye simu kubwa ya kioo alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu, mwalimu au mtendaji, na mwenye simu hiyo hakuwa tayari kumwachia mtoto wa darasa la tano asubuhi nzima pamoja na bando la kununua kwa pesa taslimu. Nyumba yetu ya parokia ina paneli za jua. Katika majuma yale tulikuwa tukichaji simu za majirani kwenye varanda, na tunaweza kushuhudia kwa macho yetu: katika safu ile ya simu kumi na tano au ishirini, zilizoweza kufungua somo la mtandaoni zilikuwa mbili, pengine tatu.

Kisha tukumbuke msimu. Mwenye kupanga masomo akiwa Dar es Salaam au Dodoma huiona miezi ya Machi hadi Juni kama sehemu ya muhula. Mkulima wa Singida huiona kama wakati wa mtama na uwele kukomaa, na wakati wa kwelea kwelea kushuka makundi kwa makundi. Anayeamia ndege ni mtoto. Baada ya mtama huja alizeti, kukata vichwa, kuvianika, kuvipura kwa fimbo, na hapo tena mikono midogo inahitajika. Mzazi aliyemwona mtoto wake nyumbani siku ya kazi, shule ikiwa imefungwa kwa amri, hakumwona mwanafunzi wa masafa. Alimwona msaidizi aliyeletwa na Mungu. Tusimlaumu. Hakuna aliyemweleza kwamba pale nyumbani kwake palikuwa pamegeuzwa kuwa darasa.

Kulikuwa na redio. Hapa yatupasa kuwa waadilifu, kwa sababu wapo waliofanya kazi kwa moyo. Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa vipindi vya masomo vikarushwa katika redio na televisheni, TBC ikiwa miongoni mwa vituo hivyo, na vitabu vya kiada vikawekwa katika maktaba yake ya mtandaoni. Watu wa Ubongo, ambao kwa miaka kadhaa walikuwa wakiwafundisha watoto hesabu kwa katuni za Kiswahili, waliendelea na kazi yao. Shule Direct nao walikuwa na masomo ya sekondari tayari. Hatuna neno baya juu ya yeyote kati ya hawa. Walipanda mbegu. Swali letu ni juu ya shamba.

Redio katika kaya ya kijijini ni mali ya baba, na hutembea naye. Ikiwa baba yuko malishoni, redio iko malishoni. Baba akienda mnadani, nayo imekwenda. Ikibaki nyumbani, betri zake zimeanikwa juani juu ya jiwe zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari ya usiku. Tuseme basi kwamba siku moja mambo yote yakaenda sawa: redio ipo, betri zina uhai, mtoto amerudi kutoka kuamia, na saa ya kipindi imefika. Sauti inaanza kumweleza mwanafunzi wa kidato cha kwanza juu ya seli ya mmea, kwa Kiingereza, lugha aliyokuwa na miezi miwili tu ya kuizoea kama lugha ya masomo. Mama yake anazungumza Kinyaturu na Kiswahili. Sauti haisimami aulize "Mmeelewa?" Haioni kwamba mkono umeinuliwa. Dakika 30 zinapita, muziki unapigwa, na somo limehesabiwa kuwa limefundishwa. Aliyelirusha ataandika katika ripoti yake kwamba limerushwa, na atakuwa amesema kweli.

Mwaka ule tulikuwa na binti mmoja katika kwaya ya watoto. Alikuwa darasa la saba, na sauti yake ilikuwa ya kwanza kusikika ukiingia uani. Mwezi Mei alikuwa bado akija mazoezini kila Jumamosi. Juni hakuja. Tarehe 29 Juni kengele ilipopigwa, wenzake walirudi darasani na yeye hakurudi, na tulipouliza tuliambiwa amekwenda kwa shangazi yake upande wa Manyoni. Mwaka uliofuata tulikutana naye mnadani, mtoto mgongoni, akiuza kuku. Alitusalimia kwa heshima zote, "Shikamoo Baba," akatazama chini. Siku ile sheria za shule zilikuwa bado zimemfungia mlango. Mwezi Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua wangeruhusiwa kurudi, na tuliifurahia habari ile. Kwake ilikuwa imechelewa, au ndivyo alivyoamini mwenyewe tulipompelekea. Mgeni wetu rasmi atuambie binti huyu alihamia mtandao gani.

Tumesikia jibu la baadhi ya watu kwa malalamiko kama haya. Husema: "Matokeo hayakushuka." Na kwa tarakimu wana haki. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wa Oktoba 2020, uliofanywa miezi mitatu tu baada ya shule kufunguliwa, ulionyesha ufaulu wa asilimia 82.68, ilhali mwaka 2019 ulikuwa asilimia 81.5. Kumbe ufaulu ulipanda! Lakini hebu tuifikirie hoja hii hadi mwisho wake. Ikiwa mtoto anaweza kukaa siku zaidi ya 100 bila shule na bado akafaulu kuliko kaka yake aliyesoma mwaka mzima, basi ama siku za shule hazina thamani, na hapo tuwaombe walimu radhi kwa kuwasumbua kila asubuhi, ama tarakimu hiyo haipimi kile tunachodhani inapima. Sisi tunaona la pili. Asilimia huhesabiwa kwa waliokalia kiti cha mtihani. Binti wa kwaya hakukalia kiti. Tuongeze pia jasho la walimu walioongeza vipindi asubuhi na jioni tangu Julai, wakawakokota watoto hadi Oktoba. Sifa ya ufaulu ule ni yao. Kuipa mtandao ni kuwaibia.

Watatokea watakaotuambia kwamba sisi ni watu wa nyuma, tunachukia maendeleo. Neno hilo tunalikataa mapema. Mnatusoma kupitia kompyuta, wala hatukuandika tafakari hii kwa makaa ukutani. Tunachokikataa ni uongo kwamba kifaa ni shule. Ugonjwa huo haukuwa wetu peke yetu. Dunia nzima iliupata. UNESCO ilikadiria kwamba mwezi Aprili 2020 wanafunzi wapatao bilioni 1.5 walikuwa nje ya madarasa, na UNICEF ikatangaza Agosti mwaka huohuo kwamba watoto wasiopungua milioni 463 hawakufikiwa na masomo ya masafa ya aina yoyote, si ya redio, si ya televisheni, si ya intaneti. Jirani zetu Kenya waliona maputo yakirushwa angani Julai 2020 na kampuni ya Loon, ya ukoo mmoja na Google, ili yashushe intaneti juu ya wilaya za mbali. Januari 2021 kampuni ile ikatangaza kufunga kazi. Wakati maputo yakipaa, Waziri wa Elimu wa Kenya, marehemu George Magoha, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Uganda waliahidiwa redio kwa kila kaya. Ahadi ilibaki ahadi, na shule zao hazikufunguka kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Ukilinganisha na hao, sisi tulipona mapema. Tulipona kwa sababu shule zilifunguliwa, na kwa sababu hiyo tu.

Sasa tuseme jambo ambalo ndilo hasa lililotusukuma kuandika. Nchi hii iliwahi kufundisha watu kwa masafa, ikafaulu, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Katekista wetu mstaafu, mzee wa miaka sabini na zaidi, anatunza katika sanduku lake la mbao kijitabu chenye kurasa zilizogeuka rangi ya chai. Ni cha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Alikuwa kijana, na alikuwa kiongozi wa kikundi. Tulipomuuliza kazi ile ilikuwaje, alitueleza kwa muda wa saa nzima, na kila alilotueleza linapatana na yaliyoandikwa na wataalamu walioichunguza kampeni ile. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirusha vipindi kwa muda wa majuma 12. Lakini hakuna aliyeachwa asikilize peke yake. Wanakijiji walikaa katika vikundi kuizunguka redio moja. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepata mafunzo, na viongozi hao walikuwa wapatao 75,000 nchi nzima. Kulikuwa na vijitabu vilivyoandikwa kwa herufi kubwa kwa ajili ya watu waliokuwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, na hapo, mzee anasema, ndipo somo lilipoanza. Kiongozi alisoma katika kijitabu, watu wakauliza, wakabishana, wakaamua watakachofanya kabla ya kukutana tena. Juma la malaria walifukia madimbwi. Juma la kuhara walichimba vyoo. Watu takriban milioni 2 walishiriki, katika nchi maskini kuliko ilivyo leo, yenye barabara mbovu zaidi na umeme kidogo zaidi.

Na Mtu ni Afya haikuzuka hewani. Mwaka 1971 ilikuwapo kampeni ya Wakati wa Furaha, ya kuadhimisha miaka 10 ya Uhuru, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha masomo kwa njia ya posta. Yaani mtu wa Kiomboi aliweza kupokea somo katika bahasha, akaandika majibu, akayatuma, na baada ya majuma kadhaa yakarudi yakiwa na alama nyekundu. Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa mwaka 1992 kilijengwa juu ya uzoefu wa namna hiyo. Kwa hiyo mwaka 2020 hatukuwa taifa lililokutwa na jambo jipya. Tulikuwa taifa lililokuwa limesahau.

Tazameni tofauti. Mwaka 1973 redio ilikuwa sehemu moja ya kazi, na pengine si kubwa kuliko nyingine. Nyuma yake kulikuwa na mtu anayejulikana kwa jina, anayekaa kijiji kilekile, aliyefundishwa namna ya kuuliza swali na kungoja jibu. Kulikuwa na karatasi mkononi ambayo haikuhitaji betri. Kulikuwa na saa na mahali ambapo kutokuwapo kwako kungeonekana, na jirani angekuja kuuliza unaumwa nini. Mwaka 2020 tulichukua sauti peke yake, tukairusha hewani, na vingine vyote tukaviacha vimelala katika makabrasha. Kisha tukashangaa watoto hawakusikia.

Tutaulizwa: je, mlitaka watoto wakusanywe katikati ya ugonjwa? Ni swali la haki, wala hatutalikwepa. Mwezi Machi 2020 hakuna aliyeujua ugonjwa ule vizuri, na aliyefunga shule alifanya lililokuwa likifanywa karibu duniani kote. Hatumlaumu kwa kufunga. Lakini kumbukeni nini kiliendelea kuwa wazi. Minada iliendelea. Vilabu vya pombe viliendelea. Mabasi ya Dodoma na Mwanza yalipita hapa mjini yakiwa yamejaa. Makanisa na misikiti viliendelea, na tarehe 22 Machi, katika Kanisa Kuu la Dodoma, Rais Magufuli alisema waziwazi kwamba nyumba za ibada hazitafungwa. Baadhi ya maaskofu, kama wa Rulenge-Ngara, walisimamisha ibada za hadhara kwa hiari yao, lakini sehemu kubwa ya nchi iliendelea kusali. Katika mazingira hayo, watoto watano wa nyumba tatu za jirani, ambao tayari wanachota maji kisima kimoja, wanachunga mbuzi pamoja na kunywea kikombe kimoja, wangeongeza hatari gani kwa kukaa chini ya mkwaju na daftari?

Na hapa ndipo hoja inapogeuka na kutuelekea sisi wenyewe, kwa sababu hatukuketi leo kuwanyooshea kidole wakubwa wa serikali peke yao.

Parokia yetu ina ukumbi. Una mabenchi, madirisha mapana yanayopitisha hewa, na paa lisilovuja. Tangu Machi hadi Juni 2020 ukumbi ule ulifunguliwa kwa ajili ya kwaya, kwa ajili ya kikao cha mavuno, na kwa arusi mbili. Tulikuwa na redio tatu, moja ikiwa jikoni ikiimba mchana kutwa bila msikilizaji. Tulikuwa na makatekista vigangoni, watu wenye kuaminiwa, wenye kujua kusimama mbele ya watu. Tulikuwa na walimu wastaafu wanaokuja Misa kila siku. Zaidi ya hayo tulikuwa na Jumuiya Ndogo Ndogo, familia kumi au kumi na tano kila moja, zinazokutana kila juma kwa ratiba, chini ya kiongozi. Kile ambacho serikali ya mwaka 1973 ililazimika kukiunda kwa gharama, sisi tulikuwa nacho tayari, kimekaa, kimezoeana, kinajua kuimba. Hatukukitumia. Hatukukataa kukitumia, wazo lenyewe halikutujia. Tuliwatangazia waamini kwenye matangazo ya Jumapili kwamba wazazi wawahimize watoto wasikilize vipindi vya redio, tukaketi. Ndiyo maana tulipopiga makofi Jumamosi iliyopita, mikono ilikuwa mizito.

Aliyelifikiria wazo alikuwa mtu mwingine. Shule moja ya msingi katika eneo letu, ambayo hatutaitaja kwa sababu mwalimu mkuu wake ametuomba, ilifanya jambo dogo. Juma la tatu baada ya kufungwa, mwalimu huyo alitoa mbao mbili za kuandikia darasani, akaziegemeza ukutani chini ya upenu, zikitazama njia wanayopita watoto wakienda kuchunga. Ubao mmoja ulikuwa wa darasa la saba, wa pili wa darasa la nne. Kila Jumatatu aliandika maelezo mafupi na maswali kumi, kwa chaki aliyoinunua mwenyewe. Watoto walipita mmoja mmoja au wawili wawili, kila mtu kwa wakati wake, wakanakili. Madaftari yaliwekwa katika boksi la sabuni kwenye dirisha la ofisi. Alhamisi yalikuwa yamesahihishwa, na penye kosa aliandika sentensi moja ya maelezo, kwa mkono. Walioishi mbali alituma kwao maswali kupitia dereva wa bodaboda aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, au kupitia mama zao siku ya mnada. Asiyeonekana majuma mawili alifuatwa nyumbani kwa baiskeli. Alituambia kwamba aliwahi kuulizwa na mkubwa mmoja kama hakuwa akikusanya watoto kinyume cha katazo, akajibu kwamba yeye ameandika ukutani tu, na ukuta haujakatazwa.

Hii ndiyo shule iliyohama. Ilihama hatua kumi, kutoka ndani ya darasa hadi chini ya upenu, na watoto waliweza kuifuata. Hakuna aliyeiandikia ripoti. Katika mikutano ya kueleza mafanikio ya kipindi kile hatujasikia hata mara moja ikitajwa, na mwalimu mwenyewe, tulipomwambia kwamba alifanya kazi kubwa, alidhani tunamtania.

Sasa mbona tunayachimbua haya leo, miaka kadhaa imepita? Kwa sababu hadithi ya mgeni rasmi ina bei yake. Ukiamini kwamba shule ilihamia mtandaoni, basi maandalizi ya dharura ijayo ni kununua vifaa, na ukishanunua umemaliza. Tayari tumeanza kuona. Mwishoni mwa mwaka 2022 walimu wa Bara na Visiwani walianza kugawiwa vishikwambi takriban 300,000, vingi vikiwa ni vile vilivyokwisha kutumika kuhesabu watu katika Sensa. Ni kitu chema. Mwalimu mwenye kishikwambi husoma na kutafuta zana za somo, na tunaishukuru serikali. Lakini kishikwambi kilicho mkononi mwa mwalimu hakimfikii mtoto siku shule itakapofungwa tena. Nao mtandao wenyewe si mwamba. Mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipata hitilafu, na nchi ikakaa siku kadhaa ikisota. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa tena. Dharura ndiyo hasa saa ambayo waya hukatika. Shule iliyotundikwa kwenye waya mmoja itaanguka saa ileile tunapoihitaji.

Na dharura zitakuja. Si lazima iwe korona. Kipindupindu kimewahi kufunga shule nchini, mafuriko yamewahi, na sisi wa nchi kavu tunajua njaa inavyoondoa watoto darasani bila tangazo la mtu yeyote.

Tunachokidai kwa hiyo ni kidogo, na kwa sababu ni kidogo hakuna anayekipigia makofi. Tunadai kila shule iwe na orodha ya wanafunzi wake kwa vitongoji, ili siku ya kufungwa ijulikane nani anakaa karibu na nani. Tunadai katika kila kitongoji ajulikane mapema mtu mmoja aliyemaliza kidato cha nne, na wapo tele wamekaa vijiweni, atakayeshika kikundi cha watoto watano au sita, alipwe posho japo ya sabuni. Tunadai maswali yaliyochapwa yawekwe akiba stoo, pamoja na madaftari na chaki. Redio zije baada ya hayo, na kompyuta zije baada ya redio. Wazazi waliochangishwa Jumamosi iliyopita hawakuambiwa gharama ya ream moja ya karatasi. Tulikwenda dukani kuuliza, tukapiga hesabu. Kwa bei ya kompyuta moja waliyoonyeshwa, darasa zima la watoto 60 lingepata maswali ya miezi mitatu, na chenji ikabaki ya kumnunulia mwalimu mkuu tairi la baiskeli.

Tumempigia simu mgeni rasmi. Hatukuona vema aisome tafakari hii kabla ya kuisikia kutoka kinywani mwetu. Alitusikiliza kwa uvumilivu, akasema alikuwa akizungumzia hali ya mjini, akasema pia kwamba watoto wake mwenyewe walisoma mtandaoni miezi ile na wakafanya vizuri. Hatuna shaka. Tulimweleza habari za mbao mbili chini ya upenu. Akanyamaza kidogo, akauliza shule hiyo iko wapi.

Jumapili hii, baada ya Misa ya pili, viongozi wa Jumuiya wote wanaombwa wabaki ukumbini. Kila mmoja aje na majibu yaliyoandikwa: katika jumuiya yake kuna redio ngapi zinazofanya kazi, kuna watoto wangapi wa darasa la nne na la saba, na ni nani anayeweza kukaa nao chini ya mti gani. Mwalimu mkuu wetu amekubali kuja, kwa masharti kwamba hatutampigia makofi. Katekista mstaafu atakileta kijitabu chake. Tafadhali kisishikwe na mikono yenye mafuta.